Kompyuta Iliyofukuza Ndege Vuhovi

Mara ya kwanza nilipoona kompyuta ikiwaka ndani ya kompyuta nyingine, nilipiga kelele. Ilikuwa mchana, Butembo, katika chumba changu cha kutengeneza mashine, na wakati ule wa vita mtu hakupiga kelele ovyo. Jirani yangu muuza nguo alifika mbio na panga mkononi.

"Wako wapi?" akauliza.

"Hakuna mutu. Angalia hapa! Angalia!"

Akaangalia. Kwenye skrini kulikuwa na dirisha dogo, na ndani ya dirisha kompyuta ya zamani, nyeusi yenye herufi nyeupe, ilikuwa inahesabu kumbukumbu yake kama inavyofanya kila kompyuta inapoamka. Haikujua kwamba iko ndani ya nyingine. Ilidhani ina sanduku lake, waya zake na kibodi yake.

"Ni nini?"

"Ni kompyuta ndani ya kompyuta!"

Jirani akashusha panga. "Papa Kakule, siku ingine, kama ni furaha, useme mbele kama ni furaha."

Ninawaandikia ninyi vijana mnaokaa leo katika vyumba vya kupiga chapa na kutengeneza simu, kuanzia Butembo hadi Beni. Mimi nimeacha kazi kwa sababu macho yamegoma kusoma maandishi madogo ya kwenye sakiti. Sijafikia umri wa kutembea na fimbo. Sikukanyaga shule ya kompyuta. Nilisoma vitabu vya maelezo vilivyokuja ndani ya makartoni, vingine kwa Kifaransa, vingine kwa lugha za Asia ambazo nilizifuata kwa picha tu. Kile kitu kilichonifanya nipige kelele wataalamu wanakiita machine virtuelle. Mimi nilikiita mgeni, na nitawaeleza kwa nini.

Mnajua jinsi jamaa waliokimbia vita walivyokuwa wakifika nyumbani kwa watu wa Beni. Walikuja na mkeka wao, sufuria yao, wakati mwingine hata chumvi yao. Walilala sebuleni, wakapika kwa sufuria yao. Siku walipoondoka, ukuta ulikuwa ukuta uleule na hukupoteza hata kijiko. Mashine-mgeni ni hivyo. Inaomba nafasi tu: kipande cha kumbukumbu, muda kidogo wa kichwa cha kompyuta. Vitu vyake vyote inakuja navyo. Na ukivifunga vitu hivyo ndani ya CD, ambayo ikishachomwa haiandikwi tena, mgeni huyo habadiliki kamwe. Virusi havimpati. Anayempokea hana cha kuogopa, kwa sababu mgeni haandiki kitu kwenye diski ya mwenye nyumba.

Programu yenyewe niliipata katika CD iliyobandikwa kwenye gazeti ambalo padri mmoja alirudi nalo kutoka likizo Ulaya. Gazeti alilisoma, CD akanipa mimi. Nilikaa nayo majuma mengi kabla ya kuielewa. Msione aibu kukaa na kitu majuma mengi.

Ngoja niwape kosa moja kabla ya kuendelea. Kitu kisichoandikwa hakiandikwi, hata ukitaka kiandikwe. Mwalimu mmoja aliyetumwa Beni kutoka Kasai aliniomba kompyuta nilipokuwa nikifanya kazi huko, mtaani Beu, aandike hotuba ya harusi ya mdogo wake. Nikamwashia mgeni wangu kutoka CD. Aliandika mchana mzima, anacheka mwenyewe, anafuta, anaandika tena. Alipomaliza nikazima ili kupumzisha jenereta. Tulipowasha, hakukuwa na hotuba.

"Iko wapi?"

"Mwalimu, nilisahau kukupa klé ya kuhifadhi. Mashine hii inaanza upya kila ikiwaka."

"Donc mashini yako ni kama mulevi! Asubui hakumbuke hata jina ya bibi yake!"

Tangu siku hiyo nikawa na kanuni: mashine ikae kwenye CD, kazi ikae kwenye klé, ile flashi ndogo ya kuchomeka. Usichanganye.

Kanuni nyingine nilipewa na Mzee Katembo, fundi wa mashine za kuandikia za chuma, aliyenifundisha kushika bisibisi nikiwa bado kijana. Hakuwahi kuona kompyuta ikifunguliwa hadi nilipomwonyesha mimi. Kabla ya kufungua mashine ya mtu, alitandika kitambaa cheupe na kuchora kwa kalamu ya risasi umbo la mashine yenyewe; kila skrubu iliyotoka aliiweka kwenye mchoro, mahali pake. Siku moja nilifungua bila kitambaa. Akanitazama akasema, "We ni fundi ao ni muchawi? Muchawi ndiye anafungua mutu bila kujua namna ya kumufunga." Nilipokuja kwenye kompyuta, kitambaa changu kikawa ni nakala. Sikugusa diski ya mtu kabla ya kunakili yote ilivyo, mpaka pembe zake tupu.

Ndiyo maana nilikuwa na nakala ya mashine ya masista.

Masista hao walikuwa na shule ya bweni Butembo, na miongoni mwa wanafunzi walikuwemo wasioona. Walikuwa na printa ya breli, yaani maandishi ya nukta zinazosomwa kwa vidole. Ni printa isiyotumia wino. Ina vinyundo vinavyogonga karatasi nene, na kelele yake ni kama watu wanaopigilia misumari paa la kanisa. Printa hiyo ilielewa programu moja tu, ya zamani mno, na programu hiyo ilikataa kompyuta yoyote mpya. Ilikaa kwenye kompyuta moja ya kijivu ambayo diski yake ilianza kusaga meno. Nikainakili yote, nikaifanya mgeni, nikaichoma kwenye CD pamoja na mfumo mdogo wa kumpokea. Unaweka CD hiyo kwenye kompyuta yoyote yenye tundu refu la printa nyuma, unawasha, na mashine ya masista inafufuka humo.

Nilichoma CD mbili. Ya kwanza ilikaa kwa Masœur, sista mkuu wa shule. Ya pili nilimpa Masika.

Masika alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, haoni tangu utotoni, na alikuwa na mdomo. Nilimpa CD kwa sababu hakuna mtu aliyeihitaji kuliko yeye: vitabu vyake vizima vya biolojia na falsafa vilikuwa bado havijatoka kwenye printa, na mtihani wa serikali ulikuwa unakuja. Mjomba wake, aliyemsimamia, alikuwa amekwisha kusema: mwaka huu akikosa mtihani, arudi Vuhovi abaki huko, shule imetosha. Mjomba huyo hakuwa mtu wa kubadilisha neno.

Juu ya CD nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: KATEKISIMU. Nieleweni. Askari wa vizuizini walipenda CD za muziki. Ukiandika jina la mwanamuziki, imekwenda. Ukiandika "kompyuta", wanataka kujua kompyuta yenyewe iko wapi. Lakini sikuona askari hata mmoja aliyenyang'anya katekisimu. Masika naye akabandika karibu na tundu la katikati kikaratasi chembamba chenye nukta zake, ili aitambue kati ya CD za wenzake.

Kisha mapigano yakasogea, shule ikafungwa kwa muda, na watoto wakatawanyika makwao. Masika akaenda Vuhovi kwa nyanya yake. Siku chache baadaye watu wenye bunduki waliingia shuleni. Walichukua kompyuta ya kijivu, na CD ya kwanza ikiwa ndani yake. Walichukua magodoro na sufuria. Printa ya breli waliiinua, wakaiangalia chini na juu, wakaiacha mlangoni.

Shule ilipofunguliwa tena, Masœur alikuja kwangu kwa miguu. Shingoni, kwenye kamba ya msalaba, alikuwa na klé yenye maandishi yote ya masomo. Hiyo hawakuiona.

"Papa Kakule, printa iko. Masomo iko. Mashini haiko. Na nakala yako, mwenyewe ulibaki na nyingine?"

Diski yangu kubwa ya nakala nilikuwa nimeizika Beni isiibiwe, na njia ya Beni ilikuwa imefungwa. "Imebaki ya Masika," nikamwambia.

"Basi twende tuitafute hiyo ya Masika. Mutihani haitangoja vita iishe."

Nilikwenda Vuhovi kwa pikipiki. Nilimkuta Masika ameketi nje anachambua maharage, na uso umevimba kwa hasira.

"Papa Kakule," akasema hata kabla sijamsalimu, maana alinijua kwa kikohozi, "umuulize nyanya mahali aliweka kompyuta yangu."

Nyanya yake, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuita watu kilima hadi kilima, alitoka jikoni hana wasiwasi hata kidogo.

"Ile sahani? Niliiweka mu radio ya jirani, nisikie katekisimu. Iko nazunguka, iko nazunguka, haiseme! Nikangoja. Haiseme! Nikasema, hii imekufa. Nikaitundika kwa mutama."

Mnajua desturi hiyo. CD zilizokufa hufungwa kwa uzi kwenye miti shambani. Upepo ukizigeuza, jua linamulika na ndege wanakimbia.

"Na ndege ziliogopa?" nikauliza, nikijaribu kubaki mtu mwenye adabu.

"Sana! Kupita zile za rumba!"

Shamba lilikuwa kubwa kuliko nilivyotumaini. Mtama ulikuwa umekomaa, na kila upande CD ziling'aa kama vioo, maana ndugu wote wa kijiji walikuwa wamechangia. Wino wangu wa "katekisimu" ulikuwa umefutwa na mvua. Nilianza kuzigeuza moja moja nikitafuta dalili yoyote. Zote zilifanana.

"Papa, toka kwa njia," akasema Masika.

Akaingia kwenye mtama, mkono mmoja kwenye uzi, mwingine unapapasa. Alifuata uzi kutoka mti hadi mti. Kila CD aliipitisha kidole karibu na tundu la katikati, akaiachia, akaendelea. Nyanya alimfuata nyuma akimwambia asivunje mashuke. Mimi nilisimama pembeni nikisikia CD zikigongana. Ghafla akapiga kelele ya kushukuru kwa lugha ya nyumbani, nayo ilikuwa kama yangu siku ile ya jirani na panga.

"Ni hii! Ni hii! Wasingya, Mungu, wasingya!"

Akanipa. Nikaigeuza, na furaha yangu ikakatika. Nyanya alikuwa ameitoboa kwa msumari wa moto, pembeni, ili apitishe uzi.

"Nyanya, mbona hukupitisha uzi kwa tundu ya katikati?"

"Ya katikati inafanya isimame. Ya pembeni ndiyo inacheza vizuri."

Sasa vijana, sikilizeni, hapa ndipo kazi ilipo. CD haiandikwi kuanzia nje kwenda ndani. Inaandikwa kuanzia katikati, duara baada ya duara, ikielekea ukingoni. Na ukiishika CD iliyochomwa ukaiinamisha kwenye mwanga, utaona duara mbili za rangi: ya ndani imefifia kidogo, hapo ndipo pana maandishi, ya nje bado inang'aa, hapo ni patupu. Mgeni wangu alikuwa mdogo. Hakujaza hata nusu ya CD. Niliiinamisha kwenye jua la Vuhovi. Tundu la msumari lilikuwa kwenye duara ya nje! Nyanya alikuwa ametoboa mahali patupu!

Niliruka. Ndiyo, mbele ya watu, mtu mzima. Nyanya akamwambia Masika, "Fundi yako yuko muzima kweli?"

Tulirudi watatu kwenye pikipiki, dereva, Masika na mimi, CD ikiwa imefungwa kwenye kitambaa kifuani mwangu. Kwenye kizuizi askari mmoja akanipapasa akaikuta.

"Hii ni nini?"

"Katekisimu, chef."

"Nani anasema? Hakuna maandishi. Hii ni muziki." Akaiweka kwenye radio yake ndogo. Ikazunguka. Kimya. Akainamisha sikio. Kimya. "Katekisimu gani haiseme?"

Masika ndiye aliyejibu, kwa sauti ya taratibu kabisa: "Ni ya kutafakari, chef. Inasikilizwa mu roho."

Askari akamtazama yeye, akatazama radio. Akasikiliza kidogo tena. Kisha akaitoa, akaniwekea mkononi kwa heshima.

"Pita. Na muniombee."

Sasa ilihitajika kompyuta ya kumpokea mgeni. Butembo yote ilikuwa imeficha kompyuta zake: darini, ndani ya magunia, chini ya vitanda vya wagonjwa. Tuliyempata ni Patron Kambale, mfanyabiashara wa mabati na misumari. Yake aliificha katikati ya rundo la mabati, na ilikuwa na tundu refu la printa. Hakutaka.

"Wateja yangu yote iko mule ndani. Ukigusa kitu moja, nitafunga duka."

"Sitagusa, Patron."

"Kila fundi anasema vile."

"Basi nitoe diski yako, uishike mwenyewe."

Akacheka. "Na kompyuta itatembea na nini? Na maji?"

Nikatandika kitambaa, nikafungua sanduku, nikatoa diski ngumu, nikamwekea kwenye kiganja. Aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa yai la moto. Printa ya breli ililetwa dukani juu ya kigari cha mbao, mchana kweupe, mbele ya askari. Mmoja aliuliza inafanya nini. Masœur akamwambia inatoboa karatasi. Inatoboa tu? Tu. Akapoteza hamu.

Kisomaji cha CD cha Patron kilikuwa cha kasi, na CD iliyotobolewa pembeni haina mizani. Ikizungushwa kwa kasi hutetemeka hadi ipasuke. Nilikiondoa, nikaweka kisomaji cha zamani kuliko vyote nilivyokuwa navyo, chenye kwenda polepole. Niliosha CD kwa maji na sabuni kidogo, nikaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, moja kwa moja. Msifute kwa kuzungusha: mkwaruzo unaofuata duara unaua, unaokatiza duara unasameheka.

Jenereta ikawashwa. CD ikaanza kuzunguka, ikinguruma vibaya. Ikasimama. Ikaanza tena. Masœur alishika msalaba. Masika alikuwa ameketi juu ya katoni ya misumari, kichwa kimeinama, anasikiliza kila mlio; nadhani alielewa mashine ile kwa masikio kuliko mimi kwa macho. Niliiagiza ipakie kila kitu kwenye kumbukumbu, ili CD isihitajike tena. Ikachukua muda. Skrini ilikuwa nyeusi.

"Imesimama," akanong'ona Masika. "Haizunguke tena."

"Imemaliza kusoma," nikasema, na hata mimi sikuwa na hakika.

Kisha, herufi nyeupe! Kumbukumbu ikahesabiwa! Programu ya masista ikafunguka, na ile salamu yake ya zamani juu ya skrini! Nikabonyeza kitufe, nikatoa CD yenyewe, nikaiinua juu. Kompyuta haikuwa na diski wala CD, na ilikuwa inafanya kazi!

Patron Kambale alitazama skrini, akatazama diski yake mkononi, akatazama skrini tena. "Lakini roho yake niko nayo mimi hapa!" akasema. "Hii inatembea na roho ya nani?"

"Ya mgeni, Patron."

Nikampa mgeni maandishi kutoka kwenye klé ya Masœur, sura ya kwanza ya biolojia. Nikaagiza uchapishaji. Kwa muda hakuna kilichotokea; nikainama, nikakandamiza waya wa printa. Halafu vinyundo vikaanza. Ninawaambia, sijawahi kusikia kelele nzuri kama ile. Duka zima lilitetemeka, mabati yaliitikia ukutani, wateja walisimama mlangoni. Masœur alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Jirani wa Patron alikuja kuuliza nani anavunja nyumba.

Ukurasa wa kwanza ulipotoka nikaukata, nikampa Masika. Akauweka kwenye mapaja, akaweka vidole juu ya mstari wa kwanza.

"Inasomeka?" nikauliza kwa sauti kubwa juu ya vinyundo.

Vidole vikaanza kutembea.

"Nukta ziko nzito vya kutosha?" akauliza Masœur. "Masika?"

"Mutoto, hata useme kitu!" akapaza sauti Patron Kambale, diski bado mikononi. "Tumefanya kazi ya bure ao tumefanya kazi ya kweli?"

Vidole vya Masika vilifika mwisho wa mstari, vikarudi, vikaanza wa pili. Bila kuinua kichwa akasema:

"Munyamaze kidogo. Niko nasoma."